Chumba Kipo, Kibao Hakipo

Naomba nianze kwa kulalamika, kwa sababu katikati na mwishoni pia nitalalamika, na sitaki mtu aseme nimebadilika njiani.

Ijumaa iliyopita saa tano usiku nilikuwa bado studio, Tabata, mbele ya skrini nyeusi, ninabishana na kompyuta. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: nimeiambia itenge sehemu ya diski, imetenga, halafu nilipotaka kuitumia ikaniambia sehemu hiyo haipo. Haikusema imeharibika wala imejaa. Ilisema haipo. Nikaiomba orodha ya sehemu zilizopo, ikanipa, na iliyoongoza orodha ni hiyohiyo isiyokuwepo. Wapangaji wa aina hii nimewahi kuishi nao. Siku ya kodi unamgongea, anakujibu mwenyewe kwa sauti yake kutoka ndani: "Hayupo!"

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kupiga video za harusi, sendofu na kicheni pati. Watu wanadhani kazi hii ni kamera. Kamera ni robo tu. Robo tatu ni kutunza. Mama wa bibi harusi anakupigia simu miaka miwili baada ya sherehe: "Mwanangu, dada yangu wa Moshi hakuonekana wakati wa keki, hebu nitafutie." Ukimwambia umeshafuta, umefuta ukoo. Kwa hiyo sifuti kitu. Kila ndafu niliyowahi kuirekodi, imesimama mezani na majani mdomoni, bado ninayo. Nina hakika hakuna mtu Dar es Salaam mwenye mbuzi wengi waliookwa kuliko mimi, na hakuna hata mmoja anayelika.

Mbuzi hao wanakaa kwenye diski, na diski ilifika asilimia 97. Jumamosi nilikuwa na sendofu ya watu mia tatu. Nikapanda daladala hadi Kariakoo kununua diski ya tera mbili.

"Mpya hii, bosi, ipo kwenye boksi lake," muuzaji akasema. Nikamuuliza kuhusu garantii. Akaonyesha kiti alichokalia. "Mimi nipo hapa kila siku." Nikalipa. Mtu aliyepo kila siku ni garantii tosha, nilijiambia. Sikujua kwamba wiki nzima ingenifundisha maana ya neno "yupo".

Kompyuta ya studio inatumia Linux. Hilo ni la mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni Dodoma. Alipokuja likizo aliniambia, "Mjomba, achana na programu za kuibia. Linux ni ya bure." Ni kweli. Mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, aliitoa mwaka 1991, na tangu hapo dunia nzima inaichangia bila kudai senti. Mimi nimelipa kwa usingizi.

Kabla hajarudi chuoni mpwa alinifanyia mambo mawili. La kwanza, aliniwekea "kontena", ambayo ni kama chumba ndani ya mashine, ninamofanyia kazi zangu bila kugusa mashine yenyewe. "Ili mjomba usije ukavuruga vyote," alisema, kwa ile heshima ambayo ukiipima vizuri ni matusi. La pili, aliniachia karatasi ya maelekezo: "Ukinunua diski mpya, tumia LVM."

LVM nitaieleza kwa lugha ya kazi yangu, maana ni kamati ya harusi tupu. Zamani ukigawa diski, unaigawa kwa kuta za zege. Sehemu hii ya picha, ile ya video, na video zikijaa huwezi kuhamisha ukuta. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen akaiandikia Linux mpango mwingine, akifuata mfano wa mfumo wa HP-UX, na mpango wenyewe unakwenda hivi. Kila diski ni mchangiaji: unamwandikisha kwa amri ya pvcreate. Michango yote inaingia kapu moja: vgcreate. Kisha kutoka kwenye kapu unakata mafungu, hili la ukumbi, hili la chakula, hili la mapambo: lvcreate. Fungu likipungua, unalichotea tena kapuni. Kapu likipungua, unamtafuta mchangiaji mwingine. Hakuna aliyewahi kukaa kamati akashindwa kuelewa. Tofauti ni moja tu: kwenye LVM mweka hazina hakimbii.

Basi nikamwandikisha mchangiaji wangu mpya. Kabla hata ya kuandikisha, mashine ikaniuliza: naona alama ya NTFS kwenye kifaa hiki, niifute?

NTFS ni mfumo wa kuhifadhi mafaili wa Windows. Yaani diski yangu "mpya, ipo kwenye boksi lake" ilishaolewa mahali, ikatunza nyumba, ikaachika. Nimeuziwa mtumba nikaambiwa wa dukani. Nikakumbuka kile kiti: "Mimi nipo hapa kila siku." Bila shaka yupo, na diski zake nazo zinarudi kila siku.

Nikabonyeza ndiyo, futa. Mchangiaji akaandikwa. Nikatengeneza kapu, nikaliita video-harusi. Kistari hicho kidogo kati ya video na harusi mkikumbuke, kwa sababu kitarudi na kesi yake. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama maji ya mtaro. Nikaanza kujisifu kwa sauti, jambo ambalo mbele ya kompyuta halifai. Husikia.

Nikaomba fungu la tera mbili, jina lake juni, kwa ajili ya sherehe za Juni. Mashine ikanijibu kama mweka hazina: kapu lina vipande 476,931, wewe unataka 524,288.

Hapa ilinibidi nichukue kalamu. LVM haihesabu diski kwa tera. Inahesabu kwa vipande, na usipoiambia vinginevyo kila kipande ni mebibaiti 4. Kumbe kiwanda kilichotengeneza diski kinahesabu kwa elfu elfu: kilo ni 1,000, mega ni elfu ya kilo, na kuendelea hadi tera. Programu yenyewe inahesabu kwa 1,024. Tofauti ya 24 mwanzoni ni ndogo kama hela ya maji kwenye bajeti ya harusi, lakini ukiipandisha ngazi nne hadi kwenye tera unakuta pengo la vipande 47,357, karibu gigabaiti 185 kwa hesabu ya mashine. Hizo ni sendofu mbili hivi za kamera yangu. Wanakamati wanalijua jambo hili vizuri. Kwenye kadi mtu ameandika ahadi ya laki mbili. Siku ya kikao cha mwisho analeta laki na themanini, na uso wake umekunjuka kabisa kama aliyemaliza deni.

Nisingeweza kumdai muuzaji, kwa kuwa hilo silo kosa lake. Lake ni ile alama ya NTFS. Nikaacha kutaja tera, nikaandika toa asilimia 100 ya kilichobaki. Hayo ndiyo maombi pekee ambayo kapu haliwezi kuyakataa.

Ikakataa.

Ilichosema, nikikileta kwa lugha yetu, ni kwamba njia ya /dev/video-harusi/juni haikuonekana, kifaa hakikusafishwa, naacha, nimeshindwa kufuta mwanzo wa volyumu mpya, yaani fungu. Nikatazama orodha ya mafungu: tupu. Nikarudia amri. Ikatenga, ikakosa, ikafuta. Nikarudia mara ya tatu nikiigonga kibodi kwa nguvu kidogo, kama vile tatizo ni usikivu. Matokeo yaleyale.

Nilipotuliza moyo nikaelewa inachofanya. Fungu jipya likikatwa, LVM hulichukulia kama chumba anachohamia mpangaji mpya. Kabla ya kukukabidhi funguo inakwenda kufagia pale mlangoni, baiti chache za mwanzo, mabaki ya mpangaji wa zamani yasije yakakudanganya. Busara kabisa, hasa kwa diski kama yangu yenye historia. Sasa fundi wangu alikuwa anajenga chumba, anachukua ufagio, anakwenda kukitafuta, haoni mlango ulipo, anarudi amekasirika, anakibomoa. Mara tatu. Huko mtaani nimeona nyumba zikibomolewa kwa sababu nyingi, ila sijawahi kuona inayobomolewa kwa sababu aliyeijenga kapotea njia.

Katika kuchakura maelekezo nikakuta kiambishi cha -Zn, ambacho maana yake ni usifagie. Nikasema hewala, nitafagia mwenyewe. Nikaiweka. Mashine ikaonya kuwa chumba hakikufagiwa, kisha ikaandika kwa upole: volyumu juni imetengenezwa. Nikasimama, nikanyoosha mgongo, nikanywa maji. Nikaita amri ya kuitandikia mfumo wa mafaili, ile mkfs. Jibu: /dev/video-harusi/juni haipo.

Nikaomba orodha kwa lvs. Juni, tera 1.82, hai. Nikaangalia kwenye folda ya /dev kwa ls. Hakuna Juni. Lvs: yupo. Ls: hayupo.

Wakati huo simu ikalia. Mama watoto.

"Saa sita hii, uko wapi?"

"Studio. Namtafuta Juni."

Kimya. Kimya cha aina ile ambacho mwanamume aliyeoa anakitambua hata kwenye simu mbovu.

"Juni ndiyo nani?"

"Si mtu. Yupo lakini haonekani."

"Haonekani kwa sababu ameshaondoka au kwa sababu umemficha?"

Nilimweleza habari ya mafungu na vipande kwa dakika kumi. Alisikiliza yote, kisha akasema mlango wa nyumbani utafungwa saa saba. Kwa hiyo usiku ule kulikuwa na milango miwili nisiyoweza kuingia.

Saa saba kasoro nikampigia mpwa. Kijana alipokea akiwa usingizini. "Shikamoo mjomba," akasema, maana malezi ni malezi hata usiku wa manane. Nikaitikia marahaba, nikamsomea kila kitu kwenye skrini, pamoja na alama za nukta. Alisikiliza, halafu akauliza swali moja tu.

"Mjomba, umo ndani ya kontena?"

Nikamwambia nimo, si ndimo alimoniweka?

Akacheka. Sikupenda.

Maelezo yake nayaandika hapa kwa namna nilivyoyaelewa, na kama kuna fundi atakayeona nimekosea, na aje Tabata na diski yake. Kuandikisha mchangiaji na kutengeneza kapu ni kazi ya daftari. LVM inaandika maneno yake mwanzoni mwa diski, basi, yamekwisha. Ndiyo maana hatua hizo mbili zilipita bila kelele, nami nikajisifu. Kukata fungu na kulifungua ni habari nyingine. Hapo LVM inamwomba keneli, ambaye ndiye moyo wa mfumo wote, atengeneze kifaa. Keneli akakitengeneza kweli. Lakini yeye ni kama fundi mwashi: anajenga na kupiga namba zake za kifundi, dm-0, 253 na 0, anaondoka. Hatundiki kibao cha jina.

Anayetundika kibao ni udev. Huyu ni programu, na kwa mtu wa uswahilini haina haja ya kumweleza sana, kwa kuwa ni mjumbe wa nyumba kumi. Akihamia mtu mtaani, mjumbe anajua. Keneli anapiga mbiu, "Jamani, kuna kifaa kipya," udev anaamka, anakwenda kukitazama, anauliza jina, anaandika kibao kwenye /dev chenye mshale: ukimtaka Juni, mlango wake ni ule dm-0. Vibao hivyo ndivyo tunavyoviita viungo. Kabla ya udev kuja, mwaka 2003, kwa mkono wa Greg Kroah-Hartman, folda ya /dev ilikuwa inajazwa maelfu ya majina ya vifaa ambavyo mashine huenda isivione kamwe. Yaani mtaa mzima una vibao vya nyumba ambazo hazijajengwa. Alipokuja mjumbe, kibao kikawa cha nyumba iliyopo.

"Sasa mjomba," mpwa akaendelea, "ndani ya kontena keneli ni yuleyule, maana mashine ni moja. Lakini /dev ya humo ndani ni yake peke yake, na mjumbe hana. Keneli amejenga. Mjumbe wa nje amesikia, akatundika kibao huko nje kwake. Wewe uko ndani, unatafuta kibao mtaa mwingine."

"Kwa hiyo?"

"Andika exit. Toka nje. Kisha tazama."

Nikaandika exit. Nikaita ls -l. Nilichokiona kilinikalisha. Juni huyo hapo, na mshale wake mzuri unaoelekea ../dm-0. Pembeni pameandikwa saa kilipotundikwa kibao.

Saa tano na dakika kumi na nane.

Ndugu msomaji, kibao kilikuwepo tangu saa tano na dakika kumi na nane. Saa moja na nusu niliyotumia kutukana, kugonga kibodi na kumweleza mke wangu kuwa Juni si mtu, kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa hatua moja nje ya mlango, kinanisubiri, kina jina na mshale. Ni mimi niliyekuwa nimefungiwa ndani na mtu anayeniheshimu.

Mpwa, kwa kuwa sasa alishaamka, akanigawia na dawa nyingine. Ukilazimika kufanya kazi ndani ya kontena, ichangie /dev ya nje. Au nenda kwenye faili la lvm.conf, mistari ya udev_sync na udev_rules uiweke sifuri, maana yake umeiambia LVM: mjumbe hayupo, usimngoje, tundika kibao mwenyewe. Na kama chumba kimeshajengwa kibao kikakosekana, kuna amri ya vgscan --mknodes, ambayo inapita mtaa mzima ikitundika vibao vilivyosahaulika. Nikamuuliza kwa nini mambo haya hayakuwepo kwenye ile karatasi. Akasema hakufikiri kama ningefika mbali hivyo. Nikakata simu kabla heshima haijazidi.

Nikaitandika ile volyumu, nikanakili mbuzi wangu wachache kwa majaribio, wakakaa. Nikaandika kwenye faili la fstab, ambamo mashine husoma kila inapowashwa, ifungue nini na ikiweke wapi. Niliandika kwa mkono wangu, kwa kujiamini kote kwa mtu aliyetoka kontenani: /dev/mapper/video-harusi-juni. Nikaenda nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa, kama ilivyotangazwa. Nikalala kwenye kochi la barazani.

Hapa ningependa hadithi iishe, lakini nilishawaambia kistari kitarudi.

Jumamosi asubuhi Luku iliishiwa uniti, na hilo ni langu, silaumu mtu. Nikanunua umeme, nikaingiza zile tarakimu ishirini, nikaiwasha mashine. Ikasimama. Ikaandika inamngoja /dev/mapper/video-harusi-juni, na pembeni saa inahesabu kuelekea dakika moja na sekunde 30. Ukitaka kujua urefu wa sekunde 90, zingoje siku ya sendofu ya watu mia tatu, bodaboda ya kubeba kamera inapiga honi nje. Zilipokwisha, mashine ikatangaza hali ya dharura na kuniomba nywila ya msimamizi. Nikaangalia: kapu lipo, fungu lipo, hai. Nikaangalia /dev/mapper. Kuna kitu kinaitwa video--harusi-juni. Vistari viwili.

Nilidhani ni macho. Nikafuta miwani. Viwili.

Mpwa, shikamoo, marahaba. Akaeleza kwamba katika /dev/mapper jina la kapu na jina la fungu yanaunganishwa kwa kistari kimoja. Sasa kama jina lenyewe la kapu lina kistari, mfumo utajuaje kapu linaishia wapi na fungu linaanzia wapi? Huenda ni kapu "video" na fungu "harusi-juni". Kwa hiyo kistari cha ndani ya jina huandikwa mara mbili. Kwenye ile njia nyingine, /dev/video-harusi/juni, kinabaki kimoja, maana pale kuna mkwaju wa kutenganisha. Mtu mmoja, vibao viwili, tahajia mbili. Kwetu hayo tumeyazoea. Shuleni ni Mwanahamisi, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwana-Hamisi, na benki wanamwambia huyu siye yule.

Nikarekebisha. Akanishauri pia niongeze neno nofail, ili siku nyingine kitu kikikosekana mashine iendelee na safari badala ya kulala barabarani. Kwa haki, lazima nitoe sifa moja hapa. Siku hiyohiyo nilipochomeka waya za diski upya, majina ya diski yalibadilika, iliyokuwa sdb ikawa sda. Nikajiandaa kwa msiba. LVM haikujali hata kidogo. Ilishapiga chapa yake mwanzoni kabisa mwa diski, kama Mmasai na ng'ombe wake, na ng'ombe haulizwi jina la zizi. Inasoma chapa, inasema huyu ni wangu, maisha yanaendelea.

Sendofu ilipita. Niliwahi, kwa dakika nne. Video zote zimo kwa Juni, amekaa vizuri, anakula nafasi polepole. Jana nikaenda kupeleka kazi kwa mama wa bibi harusi, maeneo ya Kinyerezi, diski ndogo mfukoni.

Alinielekeza kwa simu. "Shuka kituoni, mwanangu, pita kwa muuza maandazi, ukiuona mwembe mkubwa kata kushoto, nyumba yenye geti la bluu." Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 kila barabara imewekewa kibao na nyumba imepewa namba, lakini hajawahi kutokea mama wa Dar es Salaam akamwelekeza mgeni kwa namba. Nami sikumuuliza namba. Ningeonekana nina dharau.

Nikashuka. Muuza maandazi alikuwepo. Mwembe haukuwepo. Nikaenda mbele, nikarudi, nikaenda tena. Jua la saa nane. Nikaona geti la kijani, geti la kahawia, geti lisilo na rangi. Nikapita chini ya kibao cha barabara mara tatu bila kukisoma. Watoto wakaanza kunihesabia. Nikafuta jasho, nikasimama mbele ya ukuta mmoja mweupe, nikatoa simu nikiwa nimekasirika, na kwa sauti ileile ya Ijumaa usiku, ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe, nikajisikia nikisema:

"Mama, nimetafuta kote. Nyumba yako haipo."

Simu ikakaa kimya kidogo. Kisha sauti ikatoka sehemu mbili, kwenye simu na nyuma ya ule ukuta mweupe:

"Haipo vipi, mwanangu, na mimi nimekaa ndani yake?"

Mwembe, kumbe, walishaukata mwaka juzi.